Karatasi ya Chini

Uso wa Mwamini ulipotea mikononi mwangu siku ya Ijumaa, saa nne asubuhi, ndani ya beseni la maji yaliyotulia, nami nikiuangalia. Kwanza lilienda shavu la kushoto, kisha paji la uso, kisha mdomo. Ningehesabu hadi ishirini na yote yangekuwa yamekwisha. Buluu iliyokuwa imeanza kukolea iligeuka umanjano hafifu, kama alama inayoachwa na msumari wenye kutu juu ya shuka. Karatasi yenyewe ilibaki nzima, ikielea. Mwamini alikuwa amekufa miaka mingi kabla sijazaliwa, na hiyo ndiyo ilikuwa picha yake pekee kwenye karatasi. Kioo kilichoitoa kilikuwa kimeharibika nusu saa kabla, juani. Binti yake, Mama Feza, alikuwa ameketi upande wa pili wa ukuta, barazani, akimenya karanga, akisubiri kuonyeshwa kwa mara ya kwanza maishani mwake mama yake alifanana vipi.

Naandika haya Kasongo, katika chumba kilekile, miaka kumi na tisa baadaye. Nimekuja kutoka Kindu, ninakofanya kazi ya redio, kwa sababu Papa Sefu aliyenifundisha kushika karatasi ile amefariki. Nilikusudia kukaa siku tatu za matanga kisha nirudi. Mjane wake, Mama Zaina, alinishika mkono nilipokuwa nafunga begi. "Weye ulikuwa unapenda kupanga vitu," akasema. "Basi pangia mimi hiki chumba. Nikiingia naona miguu yake." Hii ni wiki ya tatu. Nimekuta brashi zake, fremu zake za mbao, na daftari langu la mwaka ule, ambalo nilidhani nimelipoteza. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili, na niliandika kila kitu kwa tarehe na saa, kama mtu anayeogopa kuulizwa. Ninayoyasimulia yamo humo. Yale ambayo sikuyaona kwa macho nimeuliza.

Chumba kiko nyuma ya nyumba, kati ya jiko na stoo ya mpunga. Kina meza moja ndefu yenye kioo juu, na dirisha moja ambalo Papa Sefu alilifunika kwa kitambaa cha rangi ya machungwa, kwa sababu dawa zake hazikutaka kuona jua kabla ya wakati. Ukiwa ndani, mchana, unajiona kama umeingizwa ndani ya papai. Harufu yake ilikuwa ya pumba za mpunga, na kuanzia saa tano ilikuwa ya sombe, majani ya muhogo, inayochemka jikoni kwa Mama Zaina, na hapo ndipo uvumilivu wetu ulipojaribiwa, kwa sababu sheria ya kwanza ya chumba kile ilihusu mawese. Hakuna aliyeruhusiwa kula chakula chenye mawese kabla kazi ya karatasi haijaisha. Mafuta yale hayatoki kwenye vidole kwa kunawa mara moja. Karatasi huyanywa, na mahali ilipoyanywa dawa haishiki. Kwa hiyo asubuhi tulikula wali mkavu na chai ya rangi, basi. Wali wenye sombe na samaki wa Nyangwe tuliula alasiri, na Papa Sefu alikula kama mtu aliyefungua saumu kila siku ya mwaka.

Karatasi ilikuwa ya Kijapani. Papa Sefu alifanya kazi miaka mingi Lubumbashi, katika ateliye, karakana iliyotengeneza rejista za zamani zilizochanika. Huko walibandika karatasi hiyo juu ya ukurasa ulioumia, nyepesi kiasi kwamba maandishi yalisomeka kupitia kwake. Mtaalamu mmoja aliyepita pale aliwafundisha pia, kwa kujifurahisha, kuchapisha picha kwa chumvi za chuma na jua: unachanganya unga wa kijani na unga mwekundu ndani ya maji, unapaka, unakausha gizani, unaweka juu yake kioo chenye picha ya kinyume, unaipeleka juani, kisha unaiosha kwa maji matupu, na buluu inajitokeza. Ateliye ilipofungwa walimpa kilichobaki cha karatasi. Alikuja nacho nyumbani ndani ya bomba la plastiki la maji, akilikumbatia njia nzima kama mtoto mgonjwa. Alipiga picha za kitambulisho ili nyumba ipate kula, na za buluu alizifanya kwa sababu alizipenda. Watu walimcheka kidogo, wakaziagiza. Bwana arusi mmoja alisimama mlangoni na picha yake mkononi. "Papa Sefu, mbona mke wangu iko buluu hivi? Alinyeshewa?" Papa Sefu hakuinua kichwa. "Atakauka, bwana. Usimuanike tu."

Mwezi wa kwanza sikugusa dawa. Nilibeba karatasi. Ilitengenezwa kwa ganda la ndani la mti wao fulani, na ukiiinua kwenye mwanga unaona nyuzi ndefu zimelala kila upande kama nywele. Ikiwa kavu ina nguvu kuliko inavyoonekana. Ikilowa inakuwa kama ule utando unaokaa juu ya maziwa ya moto. Kazi yangu ilikuwa kuitoa kwenye meza, kuizungusha uani katikati ya kuku, na kuirudisha bila mkunjo. Siku ya kwanza aliniuliza nabeba nini.

"Karatasi, Papa."

"Hapana. Kuna mutu amelala humo. Rudia."

Nikarudia. Pembe mbili zinazotazamana, kwa nyama ya kidole na siyo kwa ukucha, pumzi ikielekezwa pembeni. Kitambaa kilifungwa kwenye paji langu ili jasho lisidondoke. Siku ya tatu Mama Zaina alichungulia kutoka jikoni, akamwita mumewe kwa jina la mtoto wao. "Baba Amisi, mutoto wa watu anazunguka na karatasi tupu toka asubuhi. Majirani watasema tumemuroga."

"Waseme," Papa Sefu akajibu. "Kesho watakuja kupigwa picha waone kama uchawi unalipa."

Mwezi wa pili nilifundishwa kupaka. Hapo kuna jambo ambalo sikulitilia maanani wakati ule, na sasa ndilo ninaloliwaza. Karatasi nyepesi hivyo huwezi kuipaka dawa ikiwa peke yake: dawa inapita, inagusa meza, na ukiiinua inachanika. Papa Sefu alilaza mbili, moja juu ya nyingine. Brashi ilipita juu, na dawa ikalowesha zote. Zilikauka pamoja, zikaingia kwenye fremu pamoja, zikaenda juani pamoja. Baada ya hapo ndipo alipozitenganisha. Ya juu aliiosha. Ya chini aliitumia kwa kujaribia maji, au kufungia vitu. "Ya chini haina nguvu," alisema nilipomuuliza. "Inaona kivuli cha kivuli."

Mchango wangu mimi ulikuwa mmoja. Ile plastiki ngumu aliyoitumia kuinulia karatasi iliyolowa ilipasuka, na hapakuwa na nyingine kama hiyo mjini. Alihangaika wiki nzima. Nikaenda nyuma ya jiko, nikakata jani la mgomba, nikalipitisha juu ya moto kama tunavyofanya kabla ya kufungia kwanga, ule mkate wa muhogo, mpaka likawa laini na la kung'aa na halivunjiki tena. Nikalitumbukiza chini ya karatasi kwenye maji, nikainua. Karatasi ililala juu yake bila kushika, na nilipoinamisha jani ikateleza yenyewe hadi kwenye kitambaa. Papa Sefu aliniambia nirudie. Nikarudia. Akalishika jani, akaligeuza, akalinusa. "Lubumbashi tulikuwa tunaagiza plastiki kutoka Ulaya," akasema, akatoka nje, na nilimsikia akimuambia mkewe aache kukata ile migomba ya upande wa choo.

Mama Feza alikuja mvua zilipoanza kupungua. Alitoka Kabambare kwa pikipiki, akalala njiani, Wamaza, na matope yalikuwa yamempanda hadi kiunoni. Alikuwa mwanamke mnene wa miaka hamsini na kitu, mcheshi, mwenye sauti ya kuita watu mtoni. Alikuwa na bati la biskuti kifuani. Hakukubali kunawa wala kuketi kabla halijawekwa mahali. Ndani, katika vitenge vitatu, kulikuwa na kioo chenye ukubwa wa ukurasa wa kitabu, kimepasuka kutoka pembe hadi pembe lakini hakijaachana, na juu yake picha ya msichana kwa kinyume: penye weupe pana weusi, penye weusi pana weupe.

"Huyu njo mama yangu," akasema. "Mwamini. Alikufa siku niliyozaliwa. Mupiga picha mumoja alipita Kabambare, akamupiga, akaenda, akaacha kioo kwa babu. Picha yenyewe hatukuiona. Mimi namujua hivi tu. Meno nyeusi, midomo nyeupe, nywele kama za muzee. Nikiwa mutoto niliota anakuja hivyo, nakimbia."

Kisha akasema lililomleta. Macho yake yalikuwa yanafungwa na wingu. Kila mwezi lilizidi, na muuguzi wa Kabambare alimwambia hana la kufanya. Alitaka kuona uso wa mama yake jinsi ulivyokuwa kwa watu, mara moja, kabla hajaacha kuona. Nakumbuka kuandika neno "kabla" na kulipigia mstari.

Papa Sefu alikaa na kile kioo siku mbili. Alikiangalia kwa ubavu, akaniita nione: ngozi ya picha, ule utando ulioshika sura, ilikuwa imeanza kuachana na kioo kando ya ufa. Kukibana kioo na karatasi nene kwenye fremu kungekivunja. Karatasi yetu tu, ile nyepesi, ndiyo ingeweza kulala juu yake bila kukilazimisha. Na hata hivyo jua lingeipasha ngozi ile moto. Alimwambia Mama Feza hayo yote barazani, polepole, bila kupamba. "Kitakubali mara moja tu. Baada ya hapo sijui kama kitakuwa kioo. Unaweza kurudi nacho hivi kilivyo, mama. Si lazima."

Mama Feza alitikisa kichwa. "Nimemuangalia na meno nyeusi miaka yote," akasema. "Chapisha."

Ijumaa asubuhi jua lilikuwa kali na safi. Tulipaka karatasi mbili, tukazikausha, tukalaza kioo. Papa Sefu alisimama juu ya fremu uani na mwavuli, akikipa jua na kukinyima, jua na kivuli, ili kisipate joto kwa pamoja. Alikuwa akiomba kwa sauti, jambo ambalo sikuliona kwake kabla wala baada. Tulipoirudisha ndani na kuifungua, ngozi ya picha ilikuwa imejikunja kama ganda la kitunguu, na ilipoguswa na pumzi tu ikavunjika. Lakini kwenye karatasi ya juu kulikuwa na msichana, wa rangi ya moshi, akisubiri maji. Papa Sefu aliitenga ya chini, akaichungulia mara moja, akaiweka mbali na mwanga. "Osha," akaniambia. "Mimi mikono inanitetemeka."

Wiki ile mvua haikunyesha. Pipa la maji ya mvua lilikuwa limebaki tope chini, na maji ya bondeni yalikuwa mekundu. Mimi nilitaka maji safi kuliko yote niliyowahi kutumia. Jikoni, karibu na ukuta, niliona beseni lililofunikwa kwa sinia. Ndani maji yalikuwa yametulia hata unaona michubuko ya chini ya beseni. Mama Zaina alikuwa na desturi ya kunitulizia maji tangu jana yake siku za kazi kubwa. Nikamshukuru moyoni, nikalibeba. Chini ya kile kitambaa cha rangi ya machungwa maji yote yana rangi moja. Nililaza karatasi. Nilihisi vidole vyangu vinateleza, nikadhani ni dawa inayotoka. Kilichofuata nimekieleza mwanzoni.

Papa Sefu aliinama, akachovya kidole, akaonja. "Maji ya majivu," akasema. Mama Zaina alikuwa amechuja majivu ya maganda ya ndizi kwa ajili ya sabuni yake ya mawese, akayaacha yatulie. Kila nyumba ya mtaa ule ilikuwa na beseni kama lile. Nilikuwa nimeyaona maji hayo maisha yangu yote, na siku moja niliyohitaji kuyatambua sikuuliza. Nilianza kulia. Papa Sefu hakunigombeza. "Jani," akasema. "Itoe humo. Polepole, kuna mutu." Nikapitisha jani chini yake, nikaihamishia kwenye ndoo ya yale maji mekundu, kwa sababu hatukuwa na mengine. Mikono yangu ilijua kazi, ingawa mimi mwenyewe nilikuwa sijui niko wapi. Hilo ndilo nililolipata katika kuzunguka na karatasi tupu uani mwezi mzima.

Mama Zaina aliingia. "Mbona mumenyamaza hivi? Mutu amekufa?" Akaona beseni lake, akaniona mimi. Akaiinua karatasi kutoka kwenye ndoo ikiwa juu ya jani, akasogea nayo mlangoni penye mwanga, akaikazia macho. "Baba Amisi. Hii si kutu?"

"Nini?"

"Hii njano. Iko kama shuka yangu ile niliyoanika juu ya musumari. Na angalia, kutu imekaa mahali pa picha. Huku nje haiko."

"Ni chuma," Papa Sefu akasema taratibu. "Ile dawa ni chumvi ya chuma. Majivu yamekula buluu, yameacha chuma."

"Basi kama ni chuma, chai itaiona. Weye hukumbuki maji ya kisima cha chini kule kwa dada yangu? Yana chuma. Ukiyapikia chai inakuwa nyeusi kama wino, wageni wanakataa kuinywa."

Papa Sefu alimtazama mkewe kwa muda mrefu. Nimeandika kwenye daftari: "Amemtazama kama anamposa." Kisha akauliza, "Chai iko?"

"Niliipika ya mgeni. Sijatia sukari."

Tuliimwaga kwenye sinia, nzito, iliyopoa. Niliinamisha jani, karatasi ikateleza ndani. Kwa muda hapakuwa na kitu. Halafu nywele zikaja, zimesukwa, mistari minne kwenda nyuma. Halafu macho. Halafu kitambaa cha shingoni, na mdomo, ambao upande wa kulia ulikuwa umeinuka kidogo, kama mtu aliyeambiwa asicheke. Uso haukuwa wa buluu. Ulikuwa wa kahawia iliyoiva, na kwenye vivuli ukakaribia weusi. Kutoka barazani sauti ya Mama Feza ilipita ukutani: "Jamani, ile chai yangu imekwenda wapi?"

"Inakuja, mama," Mama Zaina akajibu, machozi yakimtoka. "Kuna mutu mwengine anaikunywa kwanza."

Ilipokauka tulimpelekea. Aliielekeza juani, akaiweka karibu na jicho la kulia, upana wa kidole, kisha jicho la kushoto. Alikaa hivyo hadi karanga zilizokuwa mapajani zikamwagika zote na kuku wakaja. "Njo yeye," akasema. "Iko rangi ya mutu." Akaanza kuniuliza. Anacheka? Nikamwambia kidogo, upande wa kulia. Masikio yake vipi? Ametoga? Shingo ndefu? Nywele zimekwenda wapi? Niliandika maswali yote. Na chini yake niliandika neno moja lenye alama ya kuuliza, ambalo sikumwonyesha mtu: "Ameona?" Kwa sababu mtu anayeuona uso, kwa nini aulize kama una masikio? Lakini alikuwa akicheka, Papa Sefu alikuwa akicheka, na sombe ilikuwa imeiva, tukala wote kwa mikono yenye mawese hadi kwenye viwiko. Kesho yake tuliibandika picha juu ya ubao mwembamba kwa uji mzito wa mchele, tukaitia fremu yenye kioo, akaenda nayo Kabambare, imefungwa kifuani pale palipokuwa na bati.

Nilikaa Kasongo hadi mwisho wa mwaka. Buluu nyingi zilipita mikononi mwangu baada ya hapo, na kahawia pia, kwa sababu watu walianza kuziomba: "Tutie na chai, Papa." Kisha nikaenda Kindu. Kazi ya redio ni sauti tu, hakuna cha kushika, lakini kila niliyemhoji nimemshika kwa jinsi ile, pembe mbili zinazotazamana, pumzi pembeni. Neno "Ameona?" lilinifuata. Nilipata nafasi ya kuuliza mara mbili au tatu, mtu akija kutoka Kabambare, na sikuuliza.

Jibu lilikuja lenyewe siku ya nane tangu nifike. Mwanamke mzee alishuka kwenye pikipiki, amekonda, akakung'uta matope, akavuka uwanja peke yake bila kushikwa, akikwepa ndoo na mikeka, akifuata sauti yangu, akaja kusimama mbele yangu. "Weye njo Riziki," akasema. "Nilikuwa najua sauti yako tu. Kumbe uko mufupi." Madaktari wa macho walipita Kasongo mwaka jana wakamtoa Mama Feza wingu, jicho moja halafu la pili. Tuliketi karibu na stoo ya mpunga, mimi, yeye na Mama Zaina, na akatuambia bila kuulizwa. Siku ile hakuona kitu. Aliona rangi, rangi ya chai, basi. "Sikudanganya," akasema. "Nilisema iko rangi ya mutu. Hilo niliona. Lakini nilisikia kwa sauti yako umelia, na muzee alinipa picha mikono inamutetemeka. Ningesema nini?" Akarudi na picha nyumbani, akaitundika, na akamwomba kila mgeni aliyekuja amweleze uso ulivyo. Alipotoka kwa madaktari, bandeji zimetolewa, jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kutafuta pikipiki ya kurudi Kabambare. Fremu ilikuwa ukutani mahali pake. Kioo kilikuwa safi. Nyuma yake mchwa walikuwa wamepita ukutani, wamekula ubao, wamekula uji wa mchele, wamekula karatasi yote, wameacha vumbi jekundu. Yeye ndiye aliyecheka aliposema hivyo. Sisi hatukuweza.

Mama Zaina aliinuka, akaingia ndani, akatoka na sanduku la bati la mumewe, lile ambalo sikuwa nimefikia katika kupanga kwangu. Chini kabisa, chini ya karatasi nyeupe chache zilizobaki, kulikuwa na mfuko mweusi wa plastiki uliokunjwa mara tatu na kufungwa kwa uzi. Juu yake, kwa mwandiko wa Papa Sefu: "Mwamini. Ya chini. Haijaoshwa." Mama Zaina alisema alimuuliza mumewe siku moja kwa nini haitupi, na Papa Sefu akamjibu kwamba ile ya juu imeshapita kwenye majivu na kwenye chai, hajui itaishi siku ngapi, na hii ingali haijapita popote.

Nimewaeleza wote wawili ukweli, kwa mpangilio. Ya chini ilipata kivuli cha kivuli. Imekaa miaka kumi na tisa katika hewa ya Kasongo, na unyevu peke yake unaweza kuwa umeigeuza buluu tupu kila mahali. Hatuwezi kuichungulia kwanza, kwa sababu mwanga utamalizia kilichobaki. Ikiingia kwenye maji imeingia. Niliwaambia naweza kuiosha mimi, na safari hii nitayaonja maji.

"Hapana," Mama Feza akasema. "Nitamuosha mwenyewe. Nifundishe."

Kwa hiyo hajaondoka, wala mimi. Asubuhi tunakula wali mkavu na chai, na yeye analalamika kuhusu sombe. Kisha anabeba karatasi tupu kutoka meza hadi uani, katikati ya kuku, na kurudi, kitambaa kikiwa kimefungwa kwenye paji. Mama Zaina anachungulia kutoka jikoni na kusema majirani sasa watajua kweli tunaroga. Amechana mbili. Leo amezungusha ya tatu mara nne, na jana alijifunza kuinua iliyolowa kwa jani. Mvua ilinyesha alfajiri. Ndoo tatu zimejaa, na nimeziandika kwa mkaa ili zisichanganywe na kitu. Mfuko mweusi uko mezani, uzi wake haujafunguliwa. Kama humo ndani kuna uso, hatujui bado.